Mwaka Benchi Langu Lilipoungua

Kwenye ukuta wa ofisi ya kanisa letu hapa Mbotela, Nairobi, kuna picha za akina mama waliopanda Kilima cha Ndauni. Tunapanda kila Jumatatu ya Pasaka, na kila mwaka picha moja inapigwa kileleni, inatiwa fremu, inatundikwa. Kufikia mwaka wa tisini na saba zilikuwa tano. Mimi Nabiswa, Mama Andati, muuza sukumawiki mnayemjua nyote, sikuwemo hata kwenye moja. Tano! Na sijawahi kukosa safari.

Sababu ilikuwa benchi. Katikati ya njia kulikuwa na benchi la mbao chini ya mti wa kivuli, na nikifika hapo miguu yangu inaniambia, dada, tumefika. Naketi. Wenzangu wananiachia vikapu vya chapati na chupa za chai, wanaendelea, wanapigwa picha, wanarudi wananikuta nimelinda chakula vizuri na kukipunguza kidogo. Wakaliita Benchi la Nabiswa. Nilicheka nao, lakini haki ya Mungu, iliniuma. Jumapili nikipita mbele ya ofisi ile nilikuwa natazama upande wa pili.

Mwaka huo niliapa mbele ya kikundi kizima, na kwa sauti, kwa sababu mimi nikikasirika siwezi kunong'ona. "Picha ya mwaka huu nitakuwemo. Nisipokuwemo, msinihesabu tena kwa mambo ya Ndauni!"

Mwenyekiti wetu Kavinya, mwanamke mwembamba anayepanda mlima kama anaenda dukani kununua kiberiti, akapiga makofi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Mama Andati. Lakini tutakubebea mto. Benchi lile ni gumu."

Wakaangua kicheko. Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Basi Februari zikaja habari kwamba Ndauni imeungua. Mtu alikuwa anarina asali, moto ukamponyoka, na ukame ulivyokuwa, kilima kikawaka siku tatu. Njia ikafungwa. Nililia, mimi mtu mzima, juu ya mafungu yangu ya sukumawiki, mpaka wateja wakauliza nimefiwa na nani. Halafu wiki ya Pasaka yenyewe, askari wa msitu wa huko, Bwana Makau, akatutumia ujumbe: mvua imenyesha kidogo, njia moja imefunguliwa, njooni, lakini mje na akili.

Akili! Kavinya akasimama mbele yetu akasema tutavaa sare. Gauni jeupe, raba nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, leso ya buluu imefungwa kiunoni.

Nikamwuliza, "Mwenyekiti, unapeleka gauni jeupe kwenye masizi?"

"Sare ni sare," akasema. "Picha tano tuko na sare, ya sita tuvae nguo za shamba? Na atakayekaa ovyo akachafua yake, atafulia kikundi kizima."

Sisi ni watu wa kanisa. Likishasemwa na mwenyekiti likaandikwa na katibu, limekwisha. Jumamosi nzima tulifua, tukapiga pasi za makaa, na hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Tulipofika langoni, woi! Kilima nilichokijua kilikuwa kijani. Hiki kilikuwa cheusi kuanzia chini hadi juu. Vibao vya njia vilikuwa vimeteketea vyote, na Makau alikuwa amepaka mawe chokaa badala yake.

"Fuateni mawe meupe," akatuambia. "Msikanyage karibu na visiki, mizizi imeungua chini kwa chini na mguu unaweza kuzama. Na mti uliokauka ukiwa bado umesimama, msiuegemee."

Mume wangu Patrobas, ambaye ndiye mpiga picha wetu, hakusikia hata neno moja. Alikuwa anapiga picha. Kisiki, klik. Majivu, klik. Jani changa limechomoza kwenye majivu, klik, klik.

"Baba Andati," nikamwambia, "filamu ina picha thelathini na sita, si elfu."

"Mama, mimi nashinda kiwandani nikitazama sabuni. Niache nione."

Tukapanda. Nyasi zilizokuwa zinashika udongo hazikuwepo, kwa hiyo changarawe zilikuwa zinateleza chini ya raba zetu. Wenzangu walikuwa wanakwenda mbio, wanaanguka, wanashika visiki, wanainuka weusi. Mimi ni mwenda pole. Nikaweka mguu, nikapima, nikaweka mwingine, na gauni langu likabaki safi kabisa.

Nikafika kwenye benchi langu. Hakukuwa na benchi. Kulikuwa na misumari minne na rundo dogo la majivu.

Miguu ikasema, dada, tumefika. Nikatafuta jiwe: jeusi. Nikatafuta gogo: jeusi. Nikatazama gauni langu, nikafikiria kufua magauni kumi na tano.

"Pumzika basi, Mama Andati," akasema Kavinya, aliyekuwa ananingoja hapo.

"Nikae wapi?" nikafoka. "Si wewe na sare zako! Nionyeshe mahali pa kukaa!"

Akatazama huku, akatazama kule, akaanza kucheka. Nikampita. Ndiyo, nilimpita mwenyekiti! Kukaa haiwezekani, kuegemea haiwezekani, kilichobaki ni kupanda. Nilikuwa napumzika nimesimama kama ng'ombe, mikono kiunoni, kisha naendelea.

Na jamani, huko juu, kupita benchi, kuna mambo! Miaka mitano wamenificha. Kwenye ule weusi wote yalikuwa yamechipuka maua mekundu ya mviringo, makubwa kama ngumi, na hayana hata jani. Ndege walikuwa wanashindana kuimba. Nikasahau hasira, nikaanza kuimba na mimi, pumzi nusu, wimbo nusu.

Kisha tukafika kwenye kilele, na kilele cha Ndauni ni jiwe moja kubwa, urefu wa mtu na nusu. Hupandwa kwa ngazi ya mbao. Ngazi ilikuwa imeungua.

Tukalitazama jiwe. Halafu mmoja mmoja wakageuka kunitazama mimi, mwanamke anayebeba gunia la sukumawiki mgongoni kutoka stendi hadi kibandani.

Sikungoja kuombwa. Nikaweka mikono kwenye jiwe, nikainama, nikasema, "Pandeni, kabla sijabadilisha mawazo." Wakapanda mabegani mwangu na raba zao zenye masizi, wote kumi na wanne, Kavinya wa mwisho. Sare yangu ikaisha pale pale.

Mguu wake ulipoondoka begani, nikainua kichwa. Wote wako juu. Mimi niko chini. Safari hii benchi lilikuwa mimi. Machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Kavinya akachungulia. Hakucheka. "Akina mama," akasema, "fungueni leso."

Akafungua yake kwanza. Wakaziunganisha kwa mafundo, wakanishushia, nikajifunga chini ya makwapa.

"Patrobas! Imebaki picha ngapi?"

"Moja!" mume wangu akajibu. Alikuwa amerudi nyuma kwenye mteremko ili atuone vizuri.

"Usiiguse mpaka tujipange! Haya, akina mama, vuta!"

Wakavuta huku wanaimba. Nikaondoka ardhini. Nikaning'inia, nikapiga mateke, raba yangu moja ikachomoka, ikaruka, ikamgonga Patrobas kifuani. Klik.

Nikavutwa hadi juu, nikasimama. Kamera ikaanza kunguruma, inarudisha filamu.

"Patrobas!" Kavinya akapiga kelele. "Ndiyo hiyo ya mwisho?"

Wote wakanitazama wakingoja nilipuke. Mimi nilikuwa natazama tambarare, mito, mpaka kule mbali kwenye ukungu ilipo Nairobi. Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwenye masizi, kwa raha zangu.

Picha ya sita ipo ukutani, nendeni mkaione. Niko katikati, mgongo kwa kamera, nimechafuka, raba moja, hewa tupu chini yangu. Wengine hawaonekani. Juu ya ukingo wa jiwe kuna mikono tu, myeusi, imeshika leso.

Mgeni akija ofisini, Kavinya humvuta mpaka pale ukutani. "Huyu ni Nabiswa," humwambia. Kisha huweka kidole kwenye kioo. "Na huu mkono, huu wenye pete, ni wangu."