Chemchemi ya Ivuga Yafunga Mizigo

Niliota, usiku wa jana, kwamba nimewapeleka wafanyakazi wenzangu kumi na mmoja Upareni kuitembelea chemchemi yetu ya Ivuga. Tulikuwa kwenye stoo ya chuo, Morogoro, ambako mimi ndiye mtunza stoo. Nikafungua mlango wa nyuma, na mlango ukatutoa mlimani. Hakuna aliyeshangaa. Mkuu wetu, mama Lugome, alisaini tu kwamba tumefika.

Lazima niseme ukweli: chemchemi hii nimejitapa nayo miaka tisa, kila siku saa nne, wakati wa chai. Nimewaambia ilikuwepo kabla ukoo wetu haujapata jina. Nimewaambia misafara ya zamani iliacha njia ya tambarare ikapanda mlima kuja kunywa, na kwamba haikukauka hata mwaka wa njaa ambao bibi yangu Nangasu alizaliwa. Yote ni kweli. Ambacho sikuwaambia ni kwamba kwa miaka hiyo tisa sijakanyaga huko.

Tumefika. Maji yanatoka chini ya jiwe, baridi, hayana haraka. Mama Lugome anasema angependa chai. Mimi, kwa kutaka sifa, nachukua sufuria iliyotoka motoni, nyeusi tii kwa masizi, naichovya.

Kila mtoto wa Ivuga anajua kwamba sufuria yenye masizi haichovywi pale. Ukiichovya, chemchemi inahama. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma. Basi ikahama. Maji yalisimama wima, yakajifunga khanga, yakavuta sanduku la bati kutoka nyuma ya jiwe, yakaanza kupanga vyura ndani, mmoja mmoja, wakiwa wamekunjwa vizuri.

Nikaiuliza chemchemi inakwenda wapi. Ikasema ng'ambo ya mlima. Huko wameiomba kwa adabu, tena wameshaiandalia jiwe. Sufuria ikajitetea kwamba yenyewe ilikuwa jikoni, iliitwa tu. Ikaomba mchanga, ikakaa pembeni kujisugua.

Chini ya vyura, sandukuni, nikaona jina la ukoo wetu limekunjwa mara nne. Likiondoka hilo, sisi tunabaki watu wa jiwe kavu. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa naongea kwa kiburi.

"Unajua unaongea na nani?" nikasema. "Mimi ni Nakijwa, mjukuu wa Nangasu, nyumba ya Kiure."

"Nangasu namjua," ikasema chemchemi. "Wewe huwa nakusikia tu, saa nne, wakati wa chai."

Nikaiambia masizi ni kosa dogo, yataoshwa. Ikakubali. Ikasema masizi ni ya leo. Kinachoihamisha hasa ni yule pale, ikanyoosha mkono kuelekea mferejini.

Mferejini palikuwa na msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua njia ya maji kila mwaka kabla ya mvua za vuli. Kila nyumba huleta mtu mmoja na jembe lake, na kila nyumba ina kipande chake. Wote walikuwepo. Nyumba zilizokosa mtu aliye hai zilikuwa zimeleta marehemu, nao walichimba kuwashinda wenzao. Katikati ya mstari, kati ya nyumba ya Mbwambo na nyumba ya Mgonja, ilisimama nafasi tupu yenye upana wa mtu mmoja, imeshika jembe.

Nafasi ikaniona. "Shikamoo dada," ikasema. "Naweza kukaa sasa?"

Ilikuwa imesimama pale miaka tisa, na nafasi tupu haiwezi kuchimba, inaweza kusimama tu. Maji yakifika kwenye kipande chetu yalikuwa yanageuka tope na kurudi yalikotoka.

Bibi Nangasu, aliyefariki nikiwa kidato cha pili, alikuwa amekaa ukingoni akichambua maharage. Nikamuuliza kwa nini asishike jembe yeye, kama marehemu wengine.

"Zamu yangu nilimaliza, mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho. "Hiyo ni yako."

Nikavua koti la kazini, nikapokea jembe. Nachimba. Udongo ni mzito, una mizizi. Mara naona ninachimba sakafu ya stoo, kati ya rafu ya chaki na rafu ya karatasi, na tope linatoka vilevile. Najaza fomu ya kutolea tope, nasaini, naendelea. Mgonja, jirani yangu wa kulia, analalamika kwamba namrushia udongo miguuni. Namwomba radhi na kuendelea kumrushia. Mama Lugome anakunja mikono ya blauzi aje kusaidia. Bibi anamrudisha kwa upole, anamweleza kwamba kazi ya mgeni hapa ni kunywa.

Sijui nilichimba kwa muda gani. Najua kwamba maji yalipita kwenye kipande chetu yakiwa safi, na mstari mzima ukaacha kazi kuyatazama. Bibi akamwambia Mgonja, si mimi, kwamba huyo anayechimba ni wa kwake. Nina vyeti vitatu na kikombe cha mfanyakazi bora, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunijaza kifua namna ile. Nilijivuna hadi nikalia.

Chemchemi ikafungua sanduku. Vyura wakatoka kwanza, halafu jina, ikalikung'uta na kulirudisha chini ya jiwe. Wageni wangu wakanywa kwa viganja. Hakuna aliyeulizia chai tena.

Nikaamka saa kumi na mbili na robo, Morogoro, kitandani kwangu. Simu ilikuwa na ujumbe wa shangazi Naetwe, ambaye anaishi hatua chache kutoka Ivuga na hajui kusifu kitu. Aliandika kwamba maji yaliyokuwa yamepungua tangu wiki iliyopita yamerudi asubuhi hii, na kwamba kipande cha nyumba yetu kimechimbwa, hajui na nani. "Kimechimbwa vibaya," aliandika, "lakini kimechimbwa."

Nikamjibu kwamba Jumamosi naja kukinyoosha. Niliandika polepole, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na malengelenge.