Sabuni ya Denise

Kampuni ilimtuma Mwadini kwenda kukata miti nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa amepanga chumba cha tatu katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Bertrams, iliyojengwa na tajiri mmoja wa enzi za dhahabu ambaye leo hata jina lake halisomeki ukutani. Nyumba ya kumbukumbu, wanasema. Huruhusiwi kubadilisha kitasa cha mlango bila kibali, ila kulala watu sita chumba kimoja hakuna anayekuuliza, na paa linavuja kwa heshima zake zote za kihistoria.

Kibali cha miti kilitoka upesi. Mialoni miwili ya mbele na mparachichi wa uani, yote ilikuwa imeshikwa na yule mdudu anayeimaliza miti ya Johannesburg. Ni mdogo kuliko punje ya ufuta, anatoboa gome na kuingia na ukungu wake, na mti unakauka umesimama. Msimamizi wa kazi alitaka hata visiki ving'olewe.

Mwadini alimjua mdudu huyo kuliko alivyopenda. Miaka miwili nyuma walikata miti yenye mdudu huyo huyo kwenye jumba moja kule Parktown, wakaambiwa hata kijiti kisitoke getini, kila kitu kisagwe na kuchomwa. Mwadini akacheka kimoyomoyo. Matajiri anawajua yeye! Heri kuni ziteketee kuliko maskini azipikie. Wiki ile ile alikuwa amefariki Damien, mume wa Gaudiose, na uani kwao pale Bertrams watu wamejaa kwenye baridi ya Julai, Warundi, Wakongo na Watanzania, na hakuna hata moto wa kuota. Mwadini akaiba magogo, akayapakia kwenye pikapu ya rafiki yake na kuyashusha msibani.

"Mungu akuone, shemeji," Gaudiose alimwambia huku analia. Magogo yaliyobaki yalipangwa shinani mwa mparachichi, na hakuna aliyeyagusa tena, maana zilikuwa kuni za matanga.

Mwaka uliofuata gome la mparachichi likaanza kutoa kitu cheupe, kikavu, mithili ya unga wa sabuni. Na mle ndani nani anashinda na sabuni? Denise, mama wa Kikongo wa chumba cha uani, aliyefulia watu nguo na kumwaga maji pale pale shinani. Maneno yakaanza jikoni, yakahamia bombani, na mwisho yakamfikia Gaudiose, ambaye ndiye aliyekodi nyumba nzima na kuwapangisha wenzake vyumba. Maparachichi ya mti ule aliyauza kwenye kona karibu na uwanja wa Ellis Park, na tangu Damien afe, ndiyo yaliyomsomesha mwanawe Égide. Asubuhi moja akatoa nje mabeseni ya Denise, kisha godoro.

Denise aliapa kwa kaburi la mama yake. Kisha akamgeukia Mwadini, aliyekuwa amesimama mlangoni na fulana ya kampuni, picha ya mti kifuani.

"Papa Mwadini, wewe kazi yako ni miti. Waambie hawa. Sabuni inaua mti?"

Mwadini alijua vizuri kwamba kile cheupe ni utomvu wa mti wenyewe, unaotoka pale mdudu alipotoboa na kukauka juu ya gome. Alijua pia kwamba akisema hayo ataulizwa mdudu katoka wapi, na kazi atakuwa hana, na Gaudiose hatamtazama tena usoni.

"Eish," alisema, "miti ina mambo mengi."

Basi. Mtu mzima na ndevu zake, swala tano hazimpiti, ndilo alilopata kusema! Denise akabeba mabeseni yake kichwani, akaenda zake upande wa Hillbrow.

Siku ya kukata, mialoni ililala kabla ya adhuhuri. Wenzake walipokwenda kula, Mwadini alivua kofia ngumu, akamfuata Gaudiose aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akiutazama mparachichi wake. Wiki nzima alikuwa akiyapanga maneno. Angesema yote, atukanwe mpaka basi, halafu waende pamoja wakamtafute Denise na kumrudisha chumbani kwake.

"Shemeji, nina neno. Kuhusu Denise."

"Usiseme."

"Lazima niseme. Ile haikuwa sabuni."

"Najua haikuwa sabuni." Gaudiose hakugeuza hata shingo. "Mimi nimekulia shambani, shemeji. Magogo yako niliyapanga kwa mikono yangu, nikaona vitundu, nikaona na unga unadondoka. Mti ulipoanza kuugua upande ule ule, nani wa kunifundisha?"

"Ulijua, na ukamtoa Denise nje?"

"Ningemtoa nani? Wewe uliyebeba jeneza la Damien? Nilikuwa na uchungu, nataka mtu wa kumchukia, na wewe nilishindwa kukuchukia." Sasa akamtazama. "Lakini siku ile nilikuwa nakuangalia wewe pale mlangoni. Nikasema moyoni, akitamka tu, godoro la huyu mama narudisha ndani mwenyewe. Nilikungoja, Mwadini."

Mwadini aliuliza tu kama anajua Denise anaishi wapi siku hizi.

"Sijui. Simu yake haipatikani. Nimejaribu." Gaudiose akasimama, akajikung'uta sketi. "Haya, kata. Jioni uje ule, nitapika maharage."

Mwadini angepokea matusi kwa shukrani kuliko mwaliko ule. Aliukata mparachichi, wakausaga wote, wakang'oa na kisiki. Jioni akaoga, akaenda, akala.