Neno la Kwanza la Profesa

Mkunga alipoolewa, mashoga zake walimuuliza mumewe anafanya kazi gani. "Anahesabu visivyohesabika," akajibu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ilikuwa kweli tupu. Mumewe alikuwa mtu wa mantiki na nadharia ya seti, na miaka yake yote chuo kikuu aliimaliza akilinganisha mambo yasiyo na mwisho, lipi limelizidi lipi. Nyumbani hakuyazungumza hayo, na mkewe hakumuuliza. Yeye alizalisha wodini, mume akafikiri ofisini, watoto wao pacha wakakua na kuhama.

Kisha Profesa akapigwa na kiharusi, yuko mbele ya darasa. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, ulimi umefungwa. Lilibaki neno moja tu: "Hapana." Ukimpa maji, hapana, huku anayapokea. Ukimuuliza kama amelala vizuri, hapana, huku anatabasamu.

Wageni walikuja kumjulia hali wakamzungumzia kama vile hayupo. "Kichwa kile, Mama Pacha! Basi tena." Mkunga aliwachukia kwa hilo. Ila naye alikuwa ameanza kumsemesha mumewe kama kichanga: "Fungua mdomo, hivyo hivyo, hodari wangu." Kila alipojisikia akisema hivyo, aliona haya.

Siku moja mchana akaja mhadhiri mmoja wa kike, mwanafunzi wa Profesa wa zamani, na ubao mweupe kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huo ubao?"

"Nimekwama kwenye kazi yangu. Nimekuja kumuuliza Profesa."

"Utamuulizaje mtu asiyesema?"

"Mama, kwani zamani alikuwa msemaji?"

Mkunga akacheka, kicheko cha kwanza tangu maradhi yaingie nyumbani. Akamwachia sebule, akaenda jikoni.

Mhadhiri aliegemeza ubao kwenye kabati la vyombo, akawa anaandika na kusoma kila mstari kwa sauti, taratibu. Profesa alitulia tuli. Ghafla akasema, "Hapana."

"Hapa nachukua kitu kimoja kutoka katika kila seti, halafu..."

"Hapana!" Akaupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto.

Mkunga akatoka mbio, mikono inachuruzika maji. "Mwache, mwanangu. Ndilo neno lake, analisema kwa kila kitu."

Mhadhiri alikuwa ameukodolea macho ubao. "Mama," akasema polepole, "yuko sahihi. Nimeruka hatua."

"Hatua gani?"

"Tuseme una vitanda visivyo na mwisho, kila kitanda kina pacha wawili wasiotofautika hata kidogo. Nakwambia nichagulie mmoja kila kitanda. Utamchagua yupi?"

"Aliyetangulia kuzaliwa."

"Na kama hakuna aliyeona nani katangulia?"

Mkunga akafikiri. "Basi sina pa kushika."

"Ndivyo nilivyofanya mimi. Nimechagua bila pa kushika, na Profesa kanikamata."

Mkunga akamgeukia mumewe. Akachuchumaa mbele ya kiti chake, akamtazama machoni kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. "Kumbe umo humo, Baba Pacha?"

"Hapana," alisema Profesa, machozi yakimtiririka, akaushika mkono wa mkewe ulioloa akaubana kwa nguvu.

Tangu siku hiyo Mkunga hakumsemesha tena kitoto. Alimgombeza kama zamani, akamsimulia habari za mtaa, akamuuliza maoni yake na kusubiri. Mhadhiri akawa anakuja kila wiki. Profesa alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama kuku kakanyaga wino, lakini mhadhiri alizisoma. Wakapata njia ya kulizunguka lile pengo, finyu ila halali.

Walipoufikia mstari wa mwisho wa uthibitisho, Profesa alifungua mdomo. Akahangaika, jasho likamtoka. "Kwa..." akasema. "Kwa hiyo."

Kalamu ikamponyoka mhadhiri. Mkunga alisimama, mikono kiunoni.

"Nimekuogesha, nimekulisha, nimekuzalia wawili kwa mpigo, halafu neno la kwanza ndilo hilo? Kwa hiyo nini?"

Profesa akacheka kwa upande mmoja wa uso, akaunyooshea kidole ubao. Mkunga akamfuta jasho kwa kanga yake, huku mwenyewe akilia.

Hakurudi tena kufundisha. Ofisi yake alipewa mwingine, na maneno yalimjia moja moja, mengine hayakuja kabisa. Lakini kazi ile ilichapishwa kwa majina mawili, na wanafunzi wakaanza kumfuata Profesa nyumbani. Mkunga alilihamishia kabati la vyombo chumbani ili ubao mkubwa upate ukuta, akanung'unika kutwa nzima, kisha akaenda kuazima viti.

Mwanafunzi mmoja mgeni alimkuta amekaa safu ya nyuma, miwani puani. "Na wewe, Mama, ni wa idara?"

"Bado," akajibu, akasogeza kiti mbele apate kuona vizuri.