Pengo la Wimbo wa Sita

Mlango wa studio ulifunguliwa bila hodi, akaingia mwanamume na sanduku la vifaa. Chiriku alikatiza wimbo.

"Samahani jamani. Nimeitwa kutengeneza friji."

"Friji ni mlango wa pili," alisema binamu yake Chiriku, fundi mitambo, bila kugeuka. "Hapa tunagandisha sauti tu."

Mgeni hakuondoka. Aliyatazama mablanketi yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi, kisha akauliza, "Huyo si msichana wa kwenye kichuguu?"

Chiriku alipigwa na butwaa. Albamu yake nzima ilikuwa ngano za bibi yake zilizovishwa gitaa na midundo ya kompyuta. Huo ulikuwa wimbo wa sita: kichuguu kimemmeza msichana, anawaimbia ndugu zake, "Mpo?" nao wanaitikia, "Tupo!"

"Ndiye. Umemjuaje?"

"Mama alitusimulia. Lakini dada, mbona mnajijibu wenyewe? Mama akishaimba 'Mpo?' alinyamaza. Tusipoitikia, msichana hatoki. Siku moja sote tulisinzia. Kesho yake chakula hakikunipita kooni, namuwaza yule mtoto kule gizani kwa sababu yangu."

Binamu alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akazifuta sauti za waitikiaji, akaucheza wimbo upya.

"Mpo?"

Midundo ikakatika. Sekunde moja, mbili, tatu. Vinyweleo vilimsimama Chiriku. Ilikuwa kama bibi yake yumo chumbani, na mama wa mtu huyu asiyemjua, na wote waliowasimulia hao wawili, wamenyamaza wanangoja. Alitaka kuitikia, sauti ikagoma. Sekunde ya nane, fundi friji akasema taratibu, kama mtoto, "Tupo."

Gitaa likarudi. Msichana akatoka.



"Msipazibe hapo," mgeni aliomba, akiokota sanduku lake.

"Nakuahidi, kaka," alisema Chiriku.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kutumiwa wimbo, akapiga simu mtangazaji wa redio, yule pekee aliyekubali kuucheza wimbo huo kila asubuhi mwezi mzima. Kwingine kote walikuwa wamegonga mwamba.

"Mdogo wangu, wimbo mtamu! Ila zile sekunde nane zizibe. Watu watadhani mitambo imezimika."

"Siwezi, dada. Nilimwahidi mtu."

"Nani huyo? Meneja?"

"Fundi friji."

Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia, sauti yake ilikuwa nyingine. "Basi siupigi. Miaka miwili ya jasho lako, Chiriku. Fikiria."

Chiriku alifikiria. Alimtazama binamu yake, aliyekuwa amesikia kila neno.

"Usiniangalie mimi," alisema binamu. "Mimi bado namuwaza yule mtoto."

"Asante kwa kila kitu, dada," Chiriku alisema kwenye simu, akaiweka mezani. Kisha akavuta kiti, akautuma wimbo wa sita kwa wasambazaji wa muziki, sekunde zake nane zikiwa tupu.