Mluzi Katika Chumba cha Delphine

Tangu Delphine Hartnoll afe, hakuna mtu katika kundi la waigizaji aliyekunywa chai iliyomiminwa na Winifred Pask. Walimshukuru kwa adabu zote, wakashika vikombe, wakasifia maziwa, kisha vikombe vikabaki juu ya masanduku ya mavazi mpaka chai ikaota utando. Winifred alivikusanya, akamwaga, akaosha.

Na ukiisikia habari yenyewe, ungemfunga pingu kabla hujaimaliza. Delphine, nyota wa jumba dogo la maigizo la Thornsea, alianguka Jumamosi wakati wa mapumziko ya onyesho la mchana, mara tu baada ya kunywa maji yake ya limau na asali. Aliyempelekea kikombe hicho kila siku ni Winifred. Aliyejua maneno yake yote kwa moyo, ili ashike nafasi yake akiugua, ni Winifred huyo huyo. Inspekta Garside alisema ni sumu ya kuulia nyigu, ile inayouzwa katika kila duka la mbegu. Winifred akajitetea kwamba alikiweka kikombe kwenye kimeza nje ya mlango wa Delphine, akakimbia kuweka simu ya onyesho jukwaani, akarudi, akakiingiza ndani. Alipojisikia akiyasema hayo, hata yeye hakujiamini.

Inspekta mwenyewe alianza vibaya. Aliingia siku ile huku akipiga mluzi, na Bwana Oddy, meneja, akabadilika rangi. Nyuma ya jukwaa mluzi haupigwi. Zamani kamba za mapazia zilivutwa na mabaharia, waliopeana ishara kwa mluzi. Ukipiga wako ovyo, gogo la pazia lilikushukia utosini.

"Toka nje, baba," Hester Loam alimwambia Inspekta; ndiye bibi anayeigiza mabibi wote katika michezo ya kundi. "Zunguka mara tatu, ubishe hodi, uombe kuingia."

Inspekta alicheka, akagoma. Saa ile ile, akipita njia ya chini ya jukwaa, aligonga paji la uso kwenye bomba la chuma linalokatiza kule gizani.

"Mimi nilimwambia," alisema Hester, akaenda kutafuta plasta.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na Inspekta alituma habari kwamba mchana atakuja kumaliza kazi. Kila mtu alijua atakuja kumchukua nani. Hester, aliyelala chumba kimoja na Winifred katika nyumba ya wapangaji kwa miaka, alikuwa amehamisha godoro lake juzi, eti kwa sababu ya upepo wa dirisha. Hilo lilimuuma Winifred kuliko maswali yote ya polisi. Usiku aliota kitanzi, akaamka, akatazama kitanda kitupu, akaona heri ndoto.

Inspekta alikuja pamoja na Leonard Strake, mume wa marehemu. Ndoa yao haikuwa na hata mwaka. Strake alikuwa mfanyabiashara wa sufu kutoka Bradford, mrefu, mpole, na siku zote alisema mambo ya maigizo yeye hayajui kabisa. Jumamosi alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, sinia ya chai mapajani, kama watazamaji wengine. Leo amekuja kuchukua vitu vya mkewe.

"Na wewe, Bi Pask, twende wote," alisema Inspekta. "Utatuonyesha kipi ni cha marehemu na kipi ni cha kundi. Kisha tutazungumza."

Mlango wa nyuma ulijaa waandishi wa magazeti, kwa hiyo walitoka ukumbini kupitia kijilango kilicho mbele ya jukwaa na kushika njia ya chini. Inspekta alitangulia na tochi, mkono mmoja ukilinda kichwa. Winifred alikuwa wa mwisho.

"Giza lote hili," Strake alikuwa akisema. "Maskini Delphine. Sijawahi kukanyaga huku maishani."

Na akisema hivyo, bila kupunguza mwendo, kofia yake ilishuka, ikapita chini ya bomba, ikapanda tena.

Winifred alisimama. Meya aliligonga bomba lile. Mkaguzi wa zimamoto aliligonga. Hakuna mgeni asiyeligonga. Lakini atamwambia nani? Mtu hanyongwi kwa kuinama, na Strake angesema ni bahati tu.

Chumbani kwa Delphine, Strake alianza kufungua visanduku. Winifred aliegemea ukuta. Lilimjia jambo la kufanya, akaliogopa. Tangu aingie kazi hii akiwa msichana hakuwahi kulifanya, na sasa alifanye katika chumba cha marehemu? Alilamba midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya pili akapiga mluzi, mwembamba, wa wimbo usio na jina.

Strake aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nyamaza, mpumbavu we. Toka nje. Zunguka mara tatu ubishe hodi, unataka kutuua wote?"

Inspekta aliteremsha daftari lake taratibu.

"Nani kakufundisha hayo, Bwana Strake?"

"Hayo kila mtu anayajua."

"Mimi nilikuwa siyajui mpaka Jumamosi," alisema Inspekta, akigusa plasta yake.

"Na bomba umeliinamia gizani," alisema Winifred. "Ndiyo njia ya mkato, kutoka kwenye viti mpaka kwenye kimeza changu. Umeshafanya kazi humu."

Strake alikaa kwenye kiti cha mkewe, akajitazama kwenye kioo. Kisha akasema yote. Alikuwa mwigizaji wa makundi ya kuzunguka, kwa jina jingine. Jukwaa hili hili aliwahi kulipanda. Na kule Hull alikuwa na mke mwingine, mzima. Delphine aligundua, akampa hadi Jumapili ajipeleke mwenyewe polisi. Alivyoendelea kueleza, sauti ilizidi kunyooka kama ya mwigizaji jukwaani, na waliokuwa mwisho wa ukumbi walisikia kila neno.

Alipoondolewa, kundi zima lilimiminika chumbani kuuliza na kushangaa, wakazungumza wote pamoja. Winifred hakuwasikia. Alikumbuka kwamba amepiga mluzi. Akapenya katikati yao, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Kwenye ujia alizunguka mara tatu, polepole, maana kichwa kilikuwa kinamzunguka tayari. Akabisha.

"Hodi."

Ndani mazungumzo yalikatika. Winifred alisimama na ngumi yake mlangoni, na hofu iliyomshika pale haikuwahi kumshika mbele ya Inspekta.

"Karibu ndani, mwanangu," ilisema sauti ya Hester, imekwaruza kidogo. "Ila usije mikono mitupu. Tutengenezee chai kwanza."