Sauti ya Kujaribia

Noella alikuwa ameketi barazani kwao Kimanga, kompyuta mapajani, akihangaika na programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta. Alitaka kutengeneza mchezo wa mashindano ya mitumbwi, wa kuchezwa kwenye kompyuta. Programu yenyewe ilikubali upesi. Kilichomtoa jasho ni kile kitafsiri cha kugeuza maandishi yake kuwa mchezo. Kila alipobonyeza, mstari mwekundu ulimjibu kwamba hakionekani. Akairekebisha njia ya folda, akabonyeza tena, na dirisha jeusi likafunguka. Akapiga makofi kwa furaha.

Ikabaki kujaribu sauti. Kwa kuwa hakuwa na sauti yoyote tayari, akachomeka kadi ya simu ya zamani ya nyumbani, akachukua faili la kwanza lililojitokeza, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ikatoka:

"Célestine! Miye iko Luberizi, niko nakuja na muchele. Uweke maji ku moto!"

"Ndiyo, papa Noella, maji iko tayari!" mama akaitikia toka jikoni.

Sufuria likaanguka kwa kishindo. Papa Thaddée, baba yake Noella, walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Mama akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, macho yamemtoka. Aliangalia barabarani kwanza, ndipo akaigeukia kompyuta.

"Ni nani ameongea?"

"Mama, unisamehe. Ni sauti yake ya mu simu. Sikujua kama iko ile. Nilikuwa najaribu tu."

Akanyoosha kidole aifute. Mama akaudaka mkono wake kwa nguvu.

"Usifute! Lakini kule mu mchezo, uitoe. Papa yako hapana mchezo."

Akaketi sakafuni. "Nimemuitikia," akasema. "Noella, nimemuitikia muntu mwenye alikufa."

Noella aliitoa ile sauti kwenye mchezo, akairudisha kadi mahali pake, akaja kumwegemea mama yake begani. Wakakaa hivyo mpaka harufu ya moshi ikawakumbusha jiko.

"Na sasa weye mchezo wako itakuwa bubu?" mama akauliza, akijifuta macho.

Akaenda, akarudi na kifuniko cha sufuria na mwiko. Noella akawasha kinasa sauti. Mama akapiga mara moja, mwiko ukamponyoka. Akauokota, akapiga tena.

Noella akauweka mlio huo kwenye mchezo, akabonyeza. Mlio ukatoka mkali kuliko walivyotazamia, na wote wawili wakaruka kwa mshtuko.