Bima ya Chumba cha Juu

Watu wa mtaani walimpa jina la Bi Funguo, kwa sababu funguo zake zilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mshona mapazia, hana papara, na haweki sahihi kwenye karatasi asiyoisoma. Ndiyo maana kilichompata kinauma. Angekuwa mzembe tungesema kajitakia, tukaendelea na shughuli zetu.

Nyumba ilikuwa ya baba yake, seremala mstaafu, aliyeijenga kwa mikono yake mwenyewe: ngazi, milango, mpaka sakafu ya mbao ya ghorofani. Tangu mama afariki, miaka mitatu nyuma, chumba cha juu kilibaki kitupu, na magoti ya mzee yalishazikataa ngazi. Siku Bi Funguo alipopendekeza wakikodishe kwa wasafiri wa siku mbili tatu, wanaotafuta vyumba kwenye simu, mzee aliweka kikombe chini.

"Nyumba yangu si gesti, mwanangu. Anayelala chini ya paa langu ni ndugu, la sivyo haingii."

Basi akawafanya ndugu. Kila msafiri aliyelipia alitumiwa ujumbe kabla hajafika: tafadhali, baba yangu ni mtu mzima, msalimie "shikamoo babu", na akikuuliza, sema umetokea upande wa binamu yake. Wengi walicheka, wakakubali. Mzee akapata uhai mpya! Wajukuu wakamiminika kila wiki. Mmoja alikuja na mke asiyejua hata neno moja la lugha ya mzee, naye mzee akamtazama weee, kisha akatangaza, "Huyu kachukua pua ya shangazi yangu." Jioni alikuwa akikaa sebuleni kuwahesabu, akisema kumbe ukoo wao umezaa.

Bi Funguo hakuupenda uongo ule. Lakini pensheni haikutosha dawa, na baba yake alikuwa anacheka tena mezani, jambo ambalo hakulitegemea. Akafumba macho.

Kwenye bima, hata hivyo, hakufumba. Wakala wa bima alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ofisi yake juu ya duka la rangi. Akamtandazia karatasi tatu.

"Hii ni ya nyumba za kawaida. Mgeni wa kulipa akikuharibia, hawa hawakujui. Hii ya pili ni ahadi ya huo mtandao wenyewe unaokuletea wageni. Tamu kusoma, lakini siku ya siku utazungushwa mpaka uchoke. Hii ya tatu ndiyo ya wenyeji kama wewe. Mgeni akiharibu, mgeni akiumia, umekingwa."

"Na sisi wakazi tukiharibu?"

"Hicho ni kipengele cha kuongeza, na malipo yanapanda. Mko wangapi humo ndani?"

"Mimi na baba. Na baba hapandi hata ngazi."

"Sasa cha nini?"

Alizibeba karatasi zote tatu, akazisoma wiki mbili, akapiga mistari kwa penseli, akarudi mara nne na maswali hadi wakala akaanza kumwita mwanasheria. Mwishowe akachukua ya tatu, bila kile kipengele. Alichagua vizuri, na asitokee mtu wa kumwambia vingine.

Mwezi wa nne tangu hapo alikuja mpiga picha wa harusi, kijana mcheshi, akakaa siku tatu akicheza karata na mzee. Asubuhi ya kuondoka maji yalikuwa yamekatika. Akafungua bomba la sinki kule juu, halikutoa kitu, akaliacha vilevile, kitaulo kimeziba tundu la chini. Akaaga, akaenda zake. Bi Funguo naye akampeleka baba yake kliniki. Maji yalirudi wao wakiwa kwenye foleni ya daktari. Waliporejea alasiri, dari ya sebule ilikuwa sakafuni, nyaya zinaning'inia, na maji yanashuka ngazi taratibu kama mwenye nyumba.

Fundi wa umeme alikata umeme, akasema hapa halali mtu mpaka dari, nyaya na sakafu ya juu vibadilishwe. Wakaenda kujihifadhi kwa mdogo wake Bi Funguo. Njiani Bi Funguo alilia kidogo, kisha akajifuta. Bima si ipo? Aliyeharibu ni mgeni, na bima ni ya mgeni.

Kampuni ya bima ilimtuma mkadiria hasara, mtu wa kupima kilichoharibika na kuuliza kimeharibikaje. Walikutana naye kwenye nyumba, mzee akiwa kwenye kiti chake mlangoni. Ikahitajika nakala ya kitambulisho, Bi Funguo akakimbia dukani kuitoa. Dakika ishirini tu. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alimkuta baba yake ghorofani, amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, anahema, kalamu ya mkadiria mkononi.

"Mzee kanieleza," mkadiria alisema. "Bomba aliliacha wazi yeye, asubuhi kabla hamjaenda kliniki. Kapanda kunionyesha alivyolifungua. Ameshaweka sahihi."

Mzee akamkonyeza binti yake. "Nimeyamaliza," alinong'ona. "Yule mtoto wa binamu yangu asisumbuliwe. Mimi na uzee huu, nani atanifanya nini?"

Mkataba ule Bi Funguo aliujua kwa moyo: kilichoharibiwa na mkazi hakilipwi. Nyumba ilikuwa inawaponyoka pale pale, na wa kuizuia ni yeye, kwa maneno machache tu ambayo asingeweza kuyasema bila kumvunja baba yake.

"Anamkinga," alisema. "Huyu hapandi ngazi. Ana miaka mitatu hajafika huku juu."

"Dada, kapanda namwona. Halafu amkingie nini mpangaji wa siku tatu, mtu aliyelipa?"

"Aliyelipa nini?" mzee akauliza.

Bi Funguo akapiga moyo konde, akasema yote, ujumbe wa shikamoo, binamu wa kubuni, kila kitu, huku akimtazama mkadiria kwa sababu upande wa pili hakuweza kuutazama.

Mzee hakufoka. Heri angefoka.

"Wote?"

"Wote, baba."

"Hata yule mwenye pua ya shangazi?"

"Hata yule."

Akatikisa kichwa polepole, kisha akaonyesha nyuma ya mlango. "Na karatasi ile? Nilidhani mama yako aliacha kalenda. Nisomee, miwani iko chini."

Akamsomea. *Mgeni wetu mpendwa, chumba kiachwe saa nne asubuhi. Kabidhi ufunguo kwa mwenyeji.*

Mkadiria aliandika maelezo ya pili chini ya yale ya kwanza, akaondoka bila kumtazama mtu. Wiki tatu baadaye barua ikaja. Maelezo mawili yanapingana. Mpiga picha, alipopigiwa simu, alisema hakumbuki bomba lolote, na kama babu mwenyewe amekiri, basi. Dai limekataliwa. Wakala, alipopelekewa barua ofisini kwake, alitaka kusema kitu kuhusu kile kipengele, akang'ata ulimi. Bi Funguo alimshukuru, akashuka hadi barabarani, akasimama mbele ya makopo ya rangi asijue aelekee wapi. Pesa ya kuitengeneza nyumba haikuwepo na isingepatikana. Mbao zilizomchukua baba yake miaka kumi na moja zilikuwa zinaoza nyuma ya kufuli, naye ndiye mwenye ufunguo.

Kwa mdogo wake, mzee alipewa chumba cha watoto. Hakununa. Ila kila alipokula alishukuru kwa adabu, mno, kama mtu asiyewafahamu. Alibisha hodi hata kwenye mlango uliokuwa wazi. Mkwewe alidhani ni upole wa uzee. Bi Funguo alijua, na alikuwa akienda kulia bafuni.

Asubuhi iliyofuata ile barua, Bi Funguo alimpelekea baba yake dawa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooshwa bila kunyanzi, begi liko mlangoni. Mzee alikuwa amevaa koti na viatu, anaangalia saa yake ya mkononi.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Saa nne imefika," alisema kwa upole, akafumbua kiganja. Ndani yake mlikuwa na ufunguo mdogo wa chumba cha watoto. "Mwenyeji ni nani humu, nimkabidhi?"